Unajitolea bure, halafu unalipishwa ili ujitolee: majukwaa ya michezo ya mezani mtandaoni yako sawa kweli?

#1 Mzee wa Dadu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga asome taratibu.

Wengi wetu tunaocheza michezo ya kuigiza uhusika tulihamia mtandaoni kipindi cha korona na hatukurudi tena. Kwa wasioijua: mnakutana watu watano kwenye tovuti, mmoja yuko Arusha, mwingine Muscat, mwingine Leicester. Ramani iko katikati ya skrini, dadu zinarushwa na kompyuta, na kila mtu ana karatasi ya mhusika wake yenye nguvu zake, uhai wake, silaha na mazagazaga yote. Jukwaa lenye jina kubwa hapo ni Roll20 la Marekani, lililoanza 2012 kwa fedha za kuchangishana Kickstarter. Kucheza ni bure. Ukitaka ya ziada unalipia kifurushi, kama Plus au Pro.

Sasa hoja. Ile karatasi ya mhusika si picha. Ni programu ndogo: kuna HTML na CSS za kupanga ukurasa unavyoonekana, kuna skripti (maagizo ya kompyuta) zinazopiga hesabu ili ukipandisha nguvu kutoka 14 hadi 16 silaha zako zote zijirekebishe zenyewe. Mchezo mkubwa kama Dungeons & Dragons kampuni inautengenezea karatasi yake. Ila hii midogo, ile ambayo kaiandika mtu mmoja na inachezwa na vikundi vya kuhesabu, nani ataihangaikia? Wachezaji wenyewe. Wanakaa usiku, wanaandika, wanapeleka kazi kwenye hazina ya wazi ya Roll20 iliyoko GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo), inapitiwa, inaingizwa. Kuanzia hapo mtu yeyote, hata asiyewahi kulipa senti, anaichagua kwenye orodha na kucheza.

Na uwanja wa kuandikia na kujaribia hizo karatasi uko wapi? Ndani ya Pro. Kifurushi cha kulipia, karibu dola 10 kwa mwezi. Kwa hiyo anayepokea kazi hiyo hadaiwi kitu, ila anayeitengeneza bure anadaiwa kila mwezi ili aweze kuitengeneza na kuitunza.

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa: kampuni ina haki ya kulipisha meza inayochezwa, na ina haki ya kukata chake kwenye kinachouzwa. Lakini mlango wa karakana uwe wazi kwa anayeleta kazi ya bure. Karibuni mnirushie mawe.

#2 Bint Shangani

Naweka kigoda hapa. Mhasibu akija mniamshe.

#3 Mhasibu Mtukutu

Nimefika, msimwamshe.

Mleta uzi, umepanga maneno vizuri ila umesahau bili. Hao Pro hawalipii tu uwanja wa kuandikia karatasi. Kuna skripti zinazoendeshwa kwenye seva za kampuni yenyewe, zile za kuhamisha maadui, kuhesabu zamu, kupiga madhara. Mtu asiyejulikana anapandisha msimbo wake, unaendeshwa kwenye mashine yako, ukizunguka bila kukoma unakula umeme wako. Umwachie bure tu kwa sababu kasema "najitolea"?

Pili, ada ni chujio. Steam, duka la michezo ya kompyuta, walikuwa na utaratibu wa kura, Greenlight, ukawashinda. Juni 2017 wakaweka Steam Direct: dola 100 kwa kila mchezo unaotaka kuuweka dukani, na unarudishiwa ukifikisha mauzo ya dola 1,000. Apple wanadai dola 99 kila mwaka kwa mtengeneza programu. Google dola 25, mara moja. Hakuna anayefungua uzi wa kulia kuhusu hao. Ukiondoa ada kabisa, hazina yako itajaa takataka, na atakayezichambua ni mfanyakazi anayelipwa mshahara.

Tatu, Pro ni bidhaa. Huyo mnayemwita mjitolea naye anaitumia kuchezea na kikundi chake Jumamosi. Asilipe kwa nini?

#4 Mzee wa Dadu

Mhasibu, nakupa hiyo ya skripti za seva. Zile zina gharama ya kweli na sina ugomvi zikikaa ndani ya Pro. Lakini umezichanganya na karatasi. Hesabu za karatasi zinapigwa kwenye kivinjari cha mchezaji mwenyewe. Kompyuta yangu ndiyo inayotoa jasho. Kampuni inahifadhi faili la maandishi lisilofikia hata ukubwa wa picha moja ya WhatsApp.

Na mifano yako yote ni ya maduka. Steam mtu anakwenda kuuza. Apple vilevile, na hata anayetoa programu ya bure pale anajenga jina lake na biashara yake. Huyu wa karatasi anauza nini? Sana sana anaweka chini kabisa kiungo cha "ukipenda ninunulie kahawa". Halafu chujio la Google ni la mara moja. Ada ya kila mwezi haichuji takataka, inamchuja mtu aliyekwisha kukubaliwa na kazi yake ikaonekana nzuri, kwa sababu miaka miwili baadaye bado analipa ili arekebishe hitilafu moja.

#5 Kimbi wa Kushoto

Nawasalimu wote. Mnaiongelea Roll20 kana kwamba ndiyo dunia nzima. Upande wa michezo ya ubao kuna Board Game Arena, Wafaransa, ilianza 2010, ikanunuliwa na Asmodee, wachapishaji wa michezo ya ubao, 2021. Wana kitu kinaitwa Studio. Unajisajili, hulipi, unapewa seva ya majaribio, unaandika mchezo kwa lugha za kompyuta za PHP na JavaScript. Michezo mingi pale imeingizwa hivyo, na watu wa nje ya kampuni.

Na humo humo kuna Bao la Kiswahili. Ndiyo, bao letu, kete 64, mashimo 32, na hatua zake mbili, namua na mtaji. Wazee wa barazani wakisikia watabisha, ila lipo.

Nalitaja kwa sababu ndugu zetu wengine hapa wanadhani "kujitolea" ni kubonyeza-bonyeza. Jaribuni kuandika kanuni za bao kwa lugha ya kompyuta. Kula na kusambaza kete kuanzia kichwa ni rahisi, mtoto wa kidato cha nne ataandika. Ukifika kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ndipo kichwa kinapouma: kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako wakati unakula, programu inabidi isimame ikuulize, unalala (unakomea hapo) au unasafiri (unaendelea kusambaza)? Ukisafiri, nyumba imevunjika na kanuni zake zinakufa hapo hapo kwa mchezo wote uliobaki. Ukimaliza hiyo, njoo kwenye takasia. Programu lazima iangalie kwamba mimi nimetakata, yaani nimecheza bila kula, mpinzani hana cha kula, na mimi zamu ijayo naweza kula shimo lake moja tu. Hilo shimo linafungwa, haruhusiwi kulichezea. Isipokuwa kama ni nyumba. Isipokuwa kama ndilo pekee lenye kete mstari wa mbele. Isipokuwa kama ndilo pekee la mstari huo lenye zaidi ya kete moja. Halafu kuna mizunguko ya bao ambayo kimahesabu haiishi, kete zinazunguka tu. Mwanadamu ataona, atacheka. Kompyuta inahitaji kuambiwa ikome wapi.

Mtu aliyeandika hayo yote (si mimi, ningependa niwe mimi) angedaiwa euro kumi kila mwezi mpaka amalize, nawaambieni leo tusingekuwa na bao pale. Mwenye mchezo maarufu ana mchapishaji wa kumlipia. Bao halina mchapishaji.

#6 Chuga Original

Mbona mnakuza mambo. Hakuna aliyeshikiwa bunduki. Ghali? Acha. Ukijitolea umejitolea, usije tena na risiti.

#7 Mama Mapacha, Minnesota

Chuga mdogo wangu, taratibu. Hilo la "hujalazimishwa" liliwahi kufika mahakamani hapa Marekani, na halikuishia vizuri kwa kampuni.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka AOL, kampuni ya huduma za intaneti. Miaka ya tisini intaneti ililipiwa kwa saa, mpaka walipoleta ada moja ya dola 19.95 kwa mwezi, Desemba 1996. AOL walikuwa na maelfu ya wajitolea waliosimamia vyumba vya mazungumzo, wakiwafundisha wageni na kufukuza watukanaji. Hawakulipwa pesa. Walipewa akaunti ya bure. Ila walikuwa na zamu, mafunzo, na ripoti za kuandika baada ya zamu. Mwaka 1999 baadhi yao wakafungua kesi New York wakisema hiyo ni ajira, tulipeni kima cha chini cha mshahara. Kesi ikaburuzwa zaidi ya miaka kumi, mwisho kampuni ikakubali kulipa dola milioni 15 kuimaliza.

Kwa hiyo mnaosema "basi wapewe Pro bure kama asante", angalieni. Mwanasheria wa kampuni akisikia hivyo anaiona AOL mbele yake. Ukimpa mtu kitu chenye thamani ya dola 10 kila mwezi kwa sharti kwamba karatasi yake iwe hai na hitilafu zirekebishwe ndani ya wiki, umekwisha kuweka mguu kwenye ajira. Nadhani (ni wazo langu, sijakaa kwenye vikao vyao) hiyo ni sababu mojawapo kampuni hizi huona heri kumchukulia mjitolea kama mteja mwingine yeyote. Mteja hana kesi ya mshahara.

#8 Mhasibu Mtukutu

Mama Mapacha, asante, umenisaidia bila kukusudia. Kwa maneno yako, kumlipisha ndiyo njia salama.

#9 Mama Mapacha, Minnesota

Salama kwa nani, baba? Soma tena. AOL hawakuingia matatani kwa sababu walitoa akaunti. Waliingia kwa sababu ya zamu na ripoti. Kumfungulia mtu chumba cha kufanyia majaribio bila kumdai kitu na bila kumpangia muda, hiyo si ajira. Ni kifaa tu kimewekwa hadharani kwa yeyote.

#10 Msimbo Kariakoo

Naomba niongee kwa niaba ya sisi tunaolipa kwa shilingi.

Dola 10 huko kwao ni chakula cha mchana. Hapa ni kama elfu ishirini na tano, na hapo benki haijakata chake. Lakini wakuu, tatizo hata si kiasi, ni kadi. Niliwahi kutunza karatasi ya mchezo mmoja mdogo kwenye jukwaa fulani, silitaji jina. Kadi yangu ya mtandaoni ilikuwa inakubali mwezi huu, mwezi ujao inakataa. Siku inakataa, akaunti inashushwa daraja saa hiyo hiyo, na chumba cha majaribio kinafungwa. Kazi ipo, unaiona kwa dirishani, huwezi kuigusa.

Basi ikatokea hitilafu. Mtu akiandika jina la silaha lenye alama ya mkato, hesabu yote ya madhara inasoma sifuri. Ni mstari mmoja wa msimbo. Wachezaji wananiandikia, wengine kwa adabu, wengine kwa matusi: "mbona huirekebishi, umetutelekeza." Na mimi nimekaa na mstari uliorekebishwa kwenye daftari, sina pa kuujaribia. Niliomba msaada kwa kampuni, nikajibiwa kwa upole mkubwa kwamba kuna njia nyingine za malipo, nichague. Zote zilikuwa kadi.

Mwisho jamaa mmoja wa Ureno nisiyemjua akajaribu kwa akaunti yake, akapeleka marekebisho kwa jina langu. Mungu ambariki. Nikaachana nayo.

Kwa hiyo Mhasibu, hilo chujio lako linachuja kwa pasipoti.

#11 Jirani wa Ngara

Pole sana Msimbo. Huku Kenya afadhali kidogo, tangu 2022 Safaricom na Visa walileta kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa, unajitengenezea namba ya kadi kwa simu na unalipa nje. Lakini ni kweli, bei iko kwa dola, na kama hufanyi kazi ya dola utaisikia.

Wengi wetu tulihamia Foundry, jukwaa jingine la michezo hii. Ilitoka Mei 2020, dola 50 mara moja, kama 6,500 za huku, na anayenunua ni mwongoza mchezo tu, wachezaji wengine wanaingia bure. Seva ni yako, kompyuta yako, stima yako. Moduli (programu za nyongeza) za wajitolea ziko maelfu. Ukitaka kuandika moduli nawe lazima uwe na leseni, lakini ukishalipa umelipa, hakuna mtu wa kukufungia mwezi ujao.

Sasa msidhani huko ni peponi. Ilipokuja toleo la 10, 2022, walibadilisha muundo wa data. Mahali ulipokuwa unaandika actor.data.data sasa unaandika actor.system. Ni mabadiliko mazuri, msimbo wa zamani ulikuwa unatia kizunguzungu. Lakini hesabu mwenyewe moduli ngapi ziliguswa, na kila moja ina mtu mmoja mahali fulani anayeifanya baada ya kazi. Wengine walikaa wakaandika upya, wengine waliweka ujumbe "natafuta wa kurithi", wengine kimya. Hakuna aliyewalipisha ada, lakini walilipa wikendi zao. Mimi naona ada ya pesa ndiyo tunayoiongea kwa sababu inaonekana kwenye taarifa ya benki. Ile ya muda ni kubwa zaidi na hakuna anayeitolea risiti.

#12 Chuga Original

Haya Msimbo, hiyo ya kadi nimeielewa. Sikujua.

Ila bado nauliza: kwa nini msiuze? Andika karatasi, weka bei dola mbili, lipa Pro yako, maisha yaendelee.

#13 Ustadh wa Kanuni

Assalaam alaykum. Chuga, swali lako zuri, ila historia yake ina makovu.

Aprili 2015 Valve, wenye Steam, na Bethesda, watengenezaji wa Skyrim, walifungua uuzaji wa nyongeza za mashabiki za mchezo wa Skyrim. Mtengenezaji akapewa asilimia 25, hizo 75 nyingine wakagawana wakubwa. Moto uliowaka haukuwa wa kawaida, siku nne tu wakaufunga uuzaji huo. Kuna waliokasirikia mgawo. Lakini kulikuwa na kitu kingine: nyongeza zile zilikuwa zimejengwa juu ya kazi za watu wengine waliozitoa bure. Mmoja akianza kuuza, inabidi kuuliza aliyeandika msingi atapata nini. Karatasi za Roll20 ni vilevile. Hazina yao ya GitHub iko chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu yeyote kutumia na kubadili, kila mtu huchukua kipande cha mwenzake. Ukiweka bei juu ya kile ulichookota, ni halali kisheria, lakini utatazamwa vibaya msibani.

Kwa wanaotaka kuuza milango ipo. Dungeon Masters Guild ilifunguliwa 2016: unaandika kisa au viumbe ukitumia ulimwengu wa Wizards of the Coast, kampuni yenye Dungeons & Dragons, unauza, unapata nusu. Nusu nyingine inakwenda kwa Wizards na kwa wenye duka. Na sharti, ulichokiweka pale hukiuzi kwingine. Mkataba mgumu, lakini angalau unajua umeingia sokoni.

Kilichonifanya niandike hasa ni Januari 2023. Tangu 2000 kulikuwa na leseni ya wazi, OGL, iliyoruhusu mtu yeyote kuandika vitu vinavyoendana na kanuni za Dungeons & Dragons. Miaka zaidi ya ishirini watu wamejenga riziki juu yake. Ghafla ikavuja rasimu mpya: mwenye mapato ya zaidi ya dola 750,000 atoe asilimia 25 ya kinachozidi hapo, na Wizards wawe na haki ya kutumia kazi ya mtu yeyote milele bila kumlipa. Watu wakaanza kusitisha vifurushi vyao vya D&D Beyond. Wakaletewa rasimu ya pili na dodoso, zaidi ya watu 15,000 wakalijaza, na tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma kabisa, ikaiweka hati ya kanuni za msingi chini ya Creative Commons, leseni ya wazi.

Rasimu ile ya pili ilikuja na sera ya meza za mtandaoni, na mfano wao ulikuwa huu: kwenye meza ya mtandaoni usiweke mchoro unaotembea wa uchawi wa Magic Missile ukimpiga adui, kwa sababu mezani nyumbani hakuna kitu kama hicho. Nani hutengeneza michoro ile inayotembea? Wajitolea wa moduli, hao hao tunaowaongea. Yaani walikuwa wanataka kuwawekea mipaka watu ambao hawakuwa wanapata hata thumni.

Kwa hiyo mimi sitazami sana dola 10. Natazama: siku kampuni ikibadilika, huyu mtu anaondoka na kazi yake au anaiacha?

#14 Bint Shangani

Sasa nimeamka rasmi.

Mimi si mtaalamu wa programu, ni mchezaji tu, lakini kwa nilivyosoma hapa hii ni sawa na kumwita mama wa watu aje apike pilau la harusi bure, akifika getini anaulizwa kadi ya mchango. Na wageni wote wameingia bila kadi!

Mhasibu jibu hapo.

#15 Mhasibu Mtukutu

Hahaha, Bint, umenishika pabaya. Haya.

Nakubali mambo mawili. La Msimbo limenigusa, malipo ya kadi pekee ni uvivu wa kampuni na si suala la gharama. Na nakubali karatasi si sawa na skripti za seva, hapo mleta uzi alikuwa sahihi.

Ambalo sikubali ni "mlango wazi". Mkifungua uwanja wa majaribio bure, kesho kuna kijana ataandika kwenye Reddit: "jinsi ya kupata Pro bila kulipa, jiandikishe kama mtengenezaji." Watajaa humo wanacheza kampeni zao (visa virefu vya mchezo) za mwaka mzima, wanaita majaribio. Kampuni ikikosa hiyo pesa itaitoa wapi? Itapandisha bei kwa anayelipa, au itaajiri wachache. Roll20 si shirika la hisani. Waliungana na wenye DriveThruRPG, duka la vitabu vya michezo hii, 2022, wakanunua Demiplane, jukwaa jingine la zana za michezo hii, 2024. Kuna mishahara pale. Nipeni utaratibu ambao hauvuji, nitanyamaza.

#16 Kimbi wa Kushoto

Utaratibu upo, na ulikuwepo kabla ya uzi huu. Nimeshautaja ila sikuueleza.

Studio ya Board Game Arena iko kwenye seva tofauti kabisa na ile ya kuchezea. Ukijisajili hupewi akaunti moja, unapewa kumi: jina lako likifuatwa na 0, jina lako na 1, mpaka 9, nywila moja. Unafungua madirisha mawili ya kivinjari, kushoto wewe ni mchezaji sifuri, kulia wewe ni mchezaji moja, unacheza bao na wewe mwenyewe na kuangalia kama takasia inafunga shimo linalostahili. Mchezo wa watu wanne, madirisha manne. Hakuna ngazi ya ubingwa pale, hakuna pointi, wapinzani wako halisi hawapo. Na mchezo wako unaweza kuwa umevunjika kati ya asubuhi na mchana kwa sababu umehifadhi faili lenye kosa. Nani atakwenda kucheza kampeni ya mwaka mzima mahali kama pale?

Kwa Roll20 ni hivyo hivyo. Chumba kisichoweza kualika watu wengine, ambacho hakihifadhi ramani, chenye wahusika bandia wawili watatu wa kujaribia. Mchezaji wa kawaida hakimfai hata kwa dakika kumi. Mwenye karatasi kinamtosha kabisa.

#17 Mhasibu Mtukutu

Hicho kisicho na mialiko nakikubali. Na skripti za seva zibaki Pro.

#18 Mzee wa Dadu

Zibaki. Nilishasema.

Mimi ningeongeza jambo moja ambalo halihitaji hata chumba kipya. Karatasi ikishakubaliwa kwenye hazina na ikawa inatumika, mwenye nayo afunguliwe uwanja wa kuihariri hiyo karatasi moja, hiyo tu, muda wote itakapokuwa kwenye orodha. Hajapewa Pro, hajapewa zamu, hajaahidi kurekebisha kitu. Mama Mapacha, hiyo inapita kwa wanasheria?

#19 Mama Mapacha, Minnesota

Mimi ni muuguzi, mwanangu, sheria nimezisoma magazetini tu. Ila bila zamu na bila sharti naona inapumua. Msimwahidi kitu, wala yeye asiwaahidi.

#20 Jirani wa Ngara

Mko na wazo poa ila mnaongea kana kwamba kuna mtu wa Roll20 anasoma Kiswahili. Hili liandikwe kwa Kiingereza lipelekwe kwenye ukurasa wao wa mapendekezo, watu wapige kura. Nani anaandika?

#21 Chuga Original

Mhasibu aandike. Akiandika yeye wataona ni mtu wa pesa.

#22 Mhasibu Mtukutu

Nitaandika Jumapili. Msimbo, nitumie ile hadithi ya kadi kwa kifupi, bila jina la jukwaa.

#23 Msimbo Kariakoo

Nakutumia leo. Kimbi, swali pembeni: ile karatasi yangu ya zamani naweza kuihamishia Foundry au ndiyo naanza sifuri? Na hiyo Studio, kama najua JavaScript ila PHP ni ya kubabaisha?

#24 Kimbi wa Kushoto

Foundry haipokei karatasi ya Roll20 moja kwa moja, muundo wake ni mwingine. Chukua zile kanuni za hesabu na CSS yako, vingine andika upya. Na leseni ya MIT inakuruhusu, hata vipande vya wenzako, ila majina yao yabaki.

Kwa Studio, PHP ya kubabaisha inatosha kuanzia. Soma mafunzo yao ya kutengeneza mchezo wa ubao wa Reversi, fuata mstari kwa mstari, PHP utaiokota humo humo. Ukikwama kwenye upande wa seva weka swali hapa, kuna watu wawili watatu humu wanaijua kuliko mimi.